Serikali Ilipokula Gatuanyaga

Ruiru,
3 Novemba 2025

Kwa shangazi yangu, Tata Wangeci,

Salamu nyingi kutoka Ruiru. Mimi ni mzima, isipokuwa tumbo, ambalo huniuma kila Jumatatu kabla ya mkutano. Mama bado yuko Kalimoni na goti lake. Anasema limeanza kutabiri hali ya hewa na kwamba halioni mvua yoyote mbele. Nimemwomba asiseme hivyo kwa sauti, maana kutabiri hali ya hewa ni kazi ya idara nyingine.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kwenye karatasi ilhali una simu. Tata, hapa ofisini kulikuwa na dada aliyeandika kwenye WhatsApp kwamba mkubwa anasinzia mkutanoni. Mtu akapiga picha ya skrini, ikazunguka makundi yote, na ilipomfikia mkubwa alikuwa ameshaamka. Dada huyo sasa anauza mitumba. Mkataba wangu ni wa miezi, si wa kudumu, kwa hivyo nimeona karatasi ni salama zaidi. Barua hii nitampa Salim, yule anayenunua mbuzi kwenu na kuwaleta Kamakis. Yeye hasomi barua za watu. Anasema hata zake mwenyewe zinamshinda. Ukimaliza, tafadhali ichome.

Sasa jambo lenyewe. Sina hakika kama naruhusiwa kulisema. Kitengo chetu cha Dharura ya Ukame kitatuma watu Gatuanyaga kuangalia kama kuna njaa. Wakiiona, mtaingia kwenye mgao wa mahindi, maharagwe na mafuta ya kupikia. Wasipoiona, lori litawapita liende kwa wengine. Siwafundishi la kusema. Waambieni ukweli tu. Kiongozi wa timu ni Bwana Kitonga, na si mtu mbaya.

Hujaniambia shamba liko vipi. Mara ya mwisho nilipokuuliza kwa simu, uliniuliza nitaoa lini.

Mwanao,
Lenny Gachau


Gatuanyaga,
20 Novemba 2025

Kwa baba yangu, ambaye nilimfunga nepi,

Shiko jirani anacheka kila nikikuita baba. Nimemwambia ulipewa jina la baba yangu mzee Gachau, na mila ni mila: nitakuheshimu kama baba na nitakuchapa kama mtoto.

Sisi tuko. Vumbi pia liko, linakusalimia. Barua yako nimeisoma mbele ya kina mama wote wa kikundi, kwa sababu miwani ni ya Shiko, na Shiko haazimi miwani mpaka ajue inaenda kusoma nini. Usitetemeke, wote wameapa kunyamaza. Wengine wameapa mara mbili.

Wageni wako walikuja Alhamisi iliyopita. Haiya, baba, tuliwapokea! Hakuna mtu atakayesema Gatuanyaga hatuna adabu. Mimi nilitoa jogoo. Shiko akatoa yule kuku wake wa mayai. Mama Kyengo alikuwa ameficha mchele wa Krismasi chini ya kitanda, akalala chini akautoa akiwa na utando wa buibui kichwani. Unga wa chapati ulikuwa wa harusi ya binti wa mzee wa kanisa. Tulimwambia bwana arusi angoje, hajafa.

Kitonga ni mtu mzuri kweli, vile ulisema. Alikula vizuri. Alifungua kifungo cha suruali akidhani hatuoni. Na ukweli tulimwambia wote, kama ulivyoagiza. Tulimwambia akiwa anakula. Akauliza, "Watoto hapa wanakula mara ngapi kwa siku?" Shiko akamjibu, "Mara moja, ikipatikana," huku akimwongezea supu. Akauliza, "Akiba yenu ya chakula ni ya muda gani?" Nikamwambia, "Akiba ni hiyo iko kwa sahani yako, imalize." Walicheka! Mmoja wao alicheka mpaka wali ukampalia, ikabidi Mama Kyengo ampige mgongo.

Wakienda tuliwafungia chapati za njiani ndani ya gazeti. Serikali imekula, sasa tunangoja zamu yetu.

Shamba ni zuri. Siku utaleta mke, utaliona.

Tata yako,
Wangeci


Ruiru,
9 Desemba 2025

Kwa Tata,

Nakusalimu tena, na nakuomba msamaha kwa kuchelewa. Salim amepita kwangu zaidi ya mara moja akaondoka mikono mitupu. Anasema ulimuuliza kama nimekufa. Sijafa. Mama naye hajambo. Amepata mafuta ya goti kutoka kwa mama mmoja wa kanisani na sasa nyumba nzima ya Kalimoni inanuka kama duka la dawa. Hapa Ruiru maji ya mfereji huja siku ambazo hatupo, halafu mwenye nyumba anatuuliza kwa nini hatukuteka. Amenunua mbwa mpya. Mbwa huyo ananiogopa, na ndiye wa kwanza kuniogopa tangu nianze kazi.

Tata, unaona ninavyozunguka. Nimejaza ukurasa ili nisifike hapa.

Ripoti ya Gatuanyaga imetoka. Nimeichapa mimi. Bwana Kitonga ameandika kwamba wakazi "walionyesha uwezo wa kujipatia mlo kamili wenye wanga, protini na mboga", na kwamba hata baada ya mlo "kulikuwa na ziada iliyofungashwa". Ziada hiyo ni zile chapati za kwenye gazeti.

Katika ofisi ya Mkurugenzi Mburu kuna ramani kubwa ukutani. Penye njaa hupakwa nyekundu, penye wasiwasi njano, palipo salama kijani. Jana alichukua kalamu nene akaipaka Gatuanyaga kijani, kisha akarudi nyuma hatua moja akaitazama, kama mtu aliyetoka kunyunyiza shamba. Salim aliniambia hata majani ya ndizi yamekauka huko. Basi sasa mna kijani, ila kiko Ruiru, kwenye ghorofa ya pili.

Maana yake ni kwamba lori litawapita.

Tata, kwa nini mlipika?

Mwanao,
Lenny


Gatuanyaga,
22 Desemba 2025

Baba,

Leo hakuna salamu ndefu, nimekasirika. Goti la mama yako lisalimie peke yake.

Unaniuliza kwa nini tulipika. Mtu ametoka Ruiru, amekula vumbi njia yote, ameketi kwa kiti changu. Ulitaka nimpe nini, hotuba? Huyo mzee ambaye umebeba jina lake angetoka kaburini aniulize ni lini nilianza uchawi wa kumnyima mgeni. Kumbe serikali inakuja kupima njaa kwa kuonja! Angetuambia tu. Angesema, "Mama, naomba nione ghala lako." Angeona hata panya wamehama. Hakuomba. Mtu akishashiba hakumbuki ghala.

Na ngoja nikwambie kituko. Chifu alituita barazani kutupongeza. Alisema Gatuanyaga ni mfano wa kuigwa katika kustahimili ukame na kwamba jina letu limesomwa kwenye mkutano mkubwa. Tukapiga makofi, kwa sababu hatukujua tuifanyie nini mikono. Mama Kyengo aliuliza kama hizo pongezi zinapikwa na chumvi au bila. Chifu alisema swali hilo litajibiwa baadaye.

Yule mbuzi mweupe nimemuuzia Salim. Usiniulize kwa nini.

Krismasi usije. Vumbi la mwaka huu ni baya, litakuharibia kifua. Nenda kwa mama yako Kalimoni.

Sasa nami nina swali moja. Wakati ulikuwa unachapa hayo maneno ya wanga na protini, na unajua jogoo ni wa nani, wewe ulisema nini?

Wangeci


Ruiru,
12 Januari 2026

Kwa Tata mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Mama anakusalimu na goti linakusalimu. Alishona kitambaa cha meza akisema ni chako, nami nimemwambia nitakuletea vumbi likipungua.

Uliniuliza nilisema nini. Kompyuta ilikuwa polepole siku hiyo, na Mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma yangu akinywa chai. Nilimuuliza kama niweke nafasi kati ya aya.

Kuna jambo lingine, na ni afadhali ulisikie kutoka kwangu kuliko kwa Salim. Kamati ya Ukame ilifanya mkutano wake wa kufunga mwaka Kamakis, kwenye mahali pa nyama choma. Mimi nilibeba mafaili. Tukiwa tunangoja nyama, Salim alitokea upande wa jikoni akiwa na kisu, akaniita kando.

"Lenny," akasema, "huyo mweupe wa leo umemtambua?"

"Mweupe gani?"

"Wa kwa shangazi yako."

Kwa hivyo, Tata, mbuzi wako alihudhuria mkutano wa ukame. Kati ya wote waliokuwa mezani, ni yeye tu aliyetoka eneo lililoathirika. Nilitaka kusema sina njaa. Mkurugenzi akatazama sahani yangu akasema, "Huyu kijana hali. Ana shida gani na sisi?" Nikala. Alikuwa mgumu sana. Bwana Kitonga alilalamika kwamba wafugaji siku hizi hawalishi mbuzi.

Tangu hapo nimekuwa nikifikiria hilo vumbi lililonizuia kuja Krismasi. Nadhani nimeelewa. Sitakuuliza.

Hili ndilo nimefanya. Nimesoma kanuni zote za Kitengo, kurasa ambazo hakuna anayezisoma, na humo imeandikwa kwamba kikundi chochote kinaweza kuomba kupimwa tena, na safari hii lazima awepo mtu wa kutoka makao makuu. Andikeni ombi, mtie sahihi, mpeni Salim. Barua zikifika hapa huwa zina tabia ya kupotea. Nitaitazama hiyo isipate tabia hiyo.

Wakija, Tata, nakuomba kwa magoti yote mawili ambayo bado ni mazima: msipike. Msiwape kitu. Hata chai. Hata maji ya moto ambayo mtasema si chai. Nitakuwa nao, kama mwandishi, na hatujuani. Wakijua sisi ni jamaa watasema ripoti ina upendeleo, itatupwa, nami nitatupwa pamoja nayo.

Mwanao,
Lenny


Gatuanyaga,
8 Februari 2026

Kwa baba mwoga,

Barua yako imefika na Shiko ameisoma mara mbili, mara ya pili akilia juu ya mbuzi. Mimi sikulia. Nimefurahi kwamba alikuwa mgumu.

Ombi tumeandika, Salim alikuletea, na chifu ametuambia wageni watakuja mwisho wa mwezi. Kwa hivyo tunafanya mazoezi. Hujui ni kazi gani kumnyima mgeni chai, we! Hata kuimba sauti ya nne ni rahisi kuliko hii.

Tulimchukua Mwas wa bodaboda awe serikali. Tukamweka kwa kiti, tukaketi tukimwangalia. Huyo Mwas ni mshenzi, akaanza kukohoa, akajipangusa jasho, akasema, "Wamama, nimetoka mbali." Shiko akasimama. Nikamvuta leso. Akaketi. Mwas akasema, "Hata uji nitakunywa, mimi si mtu wa kuchagua." Mama Kyengo mbio jikoni! Tulimpata amewasha moto. Anasema miguu ilimpeleka yenyewe.

Tukaenda kwa pasta kuuliza kama ni dhambi. Pasta akatukumbusha vile Abrahamu aliona wageni akakimbia kuchinja ndama. Nikamuuliza, "Na hao wageni, waliandika ripoti kwamba Abrahamu hahitaji msaada?" Akasema atalifanyia maombi.

Lakini tumepata dawa. Siku hiyo sufuria zote, birika zote, na chupa zote za chai tutazifungia kwa stoo ya kanisa. Ufunguo tutampa Salim aende nao Kamakis. Hata moyo ukilegea, mtu atachemsha na nini, na kofia?

Usihangaike juu yangu. Nakula vizuri. Nimepunguza tu mwili kidogo, daktari huambia watu wafanye hivyo.

Wangeci


Ruiru,
2 Machi 2026

Kwa Tata,

Tulionana Alhamisi na sikukusalimu. Nimekuwa nikikusalimu tangu siku hiyo, nikiwa peke yangu, hasa kwenye ngazi.

Nataka kukuandikia ilivyokuwa upande wetu, kwa sababu ulikuwa upande wa pili wa meza.

Kutoka Thika, Bwana Kitonga alikuwa akimwambia Mkurugenzi, "Mkubwa, usinunue kitu hapa. Utajiharibia. Ngoja uone chapati za hawa mama." Kwa hivyo Mkurugenzi alifika kwenu akiwa na njaa. Bi. Amida wa makao makuu alikuwa nyuma nami. Alikuwa amefunga Ramadhani, na hakuwa na haja na chapati za mtu.

Mlituketisha kwenye kivuli cha kanisa. Mlisalimia vizuri. Kisha mkaweka mikono magotini kama watu wanaongoja kupigwa picha. Nilikuona umekonda. Niliandika tarehe juu ya karatasi, halafu nikaiandika tena.

"Jua ni kali leo," Mkurugenzi akasema.

"Ni kali," ukasema wewe.

"Mtu akitoka mbali husikia kiu."

"Husikia," akasema Shiko, akitazama ukuta.

 Bwana Kitonga akaanza kukohoa, kikohozi kilekile cha Mwas, nikauma ulimi nisicheke. Kisha akainuka, akasema anaenda kunyoosha miguu, na kumbe anaenda kunyoosha jikoni. Akaingia nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliporudi uso ulikuwa umebadilika.

"Mkubwa, hawa wametupanga. Hakuna sufuria hata moja! Hakuna birika! Nyumba gani haina sufuria? Novemba tulikula hapa tukashindwa kusimama. Wameficha kila kitu."

Mkurugenzi akanigeukia. "Andika: jamii imeficha chakula na vyombo ili kudanganya serikali."

Tata, hapo ndipo niliona tumejimaliza. Mlikuwa kijani kwa sababu mlipika, sasa mngekuwa waongo kwa sababu hamkupika. Ulinitazama kama mtu usiyemjua. Ulifanya nilivyokuomba, na ulifanya vizuri mno.

Kwenye fomu kuna swali ambalo Bwana Kitonga hulijaza mwenyewe akiwa ndani ya gari, kwa sababu anasema linaaibisha watu. Sikupanga.  Nikasimama.

"Mama," nikakuambia, "kabla sijaandika hilo. Leo umekula nini?"

Ukasema, "Mtu haulizwi hivyo mbele ya watu."

"Najua, mama. Lakini nauliza."

 Nilisikia mabati ya kanisa yakilia kwa joto.

"Sijakula," ukasema.

"Na jana?"

"Jana nilikunywa uji. Maji yalikuwa mengi."

"Na sufuria ziko wapi?"

"Stoo ya kanisa. Tumezifungia wenyewe. Zingekuwa karibu, tungewapikia hata hicho cha mwisho."

Hapo Shiko akapasuka kulia, akasema ana unga kidogo wa mjukuu, na kwamba alikuwa anamwona huyu mkubwa akilamba midomo na mikono ikimwasha aende kuukoroga. Mkurugenzi akafunga mdomo haraka.

"Hiyo usiandike," akaniambia.

"Nimeshaandika, mkubwa."

"Basi futa."

"Ni kalamu ya wino, mkubwa."

Nilisema hivyo, Tata. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mbu, lakini ilitoka. Bi. Amida akanyoosha mkono, akachukua ile karatasi, akaisoma, akaiweka kwenye mkoba wake. Kisha akakwambia, "Mama, naomba nione ghala lako." Mlikwenda wawili. Sijui mlisema nini huko.  Tulitaka kuona na sufuria pia, lakini ufunguo ulikuwa Kamakis, ikabidi Mkurugenzi asimame kwenye jiwe achungulie dirishani. Aliziona. Alisema ni nyingi.

Tulipokuwa tunaingia kwenye gari ulisahau. Ulisema, "Nenda salama, baba."

Mkurugenzi Mburu ni mtu wa huku huku, na mila ya majina anaijua. Hakuhitaji fomu. Tulipofika Thika alinunua mahindi ya kuchoma, akala akitazama nje, akaniuliza, "Huyo mama ulipewa jina la baba yake?"

Nilijifanya napanga mafaili. Kuhusu kazi usiwe na wasiwasi. Kazi iko.

Mwanao,
Lenny


Gatuanyaga,
28 Machi 2026

Kwa baba yangu Gachau,

Salamu kutoka kwa watu wote, na safari hii ni wote kweli, maana hata bwana arusi anakusalimu.

Chifu alituita barazani tena. Akapanda juu ya kiti, akavaa uso wa matanga, akasema, "Wananchi, nasikitika kuwatangazia kwamba Gatuanyaga sasa ni nyekundu." Baba, tulipiga ngemi, vile vigelegele vyetu! Kina mama waliruka, Mama Kyengo akacheza mpaka kiatu kikaruka kikampata katekista. Chifu alibaki hapo juu kama mtu ambaye amesoma barua ya mwingine. Anasema katika kazi yake yote hajaona watu wakishangilia kuambiwa wana njaa.

Halafu tukangoja lori. Halikuja. Tukaambiwa lazima mheshimiwa alipungie bendera kwanza, na mheshimiwa ana shughuli. Tukangoja. Bado tunangoja, mvua ikanyesha. Ndiyo, mvua! Goti la mama yako libadilishwe kazi. Ilinyesha ile ya kuosha barabara yote, na siku ya pili ndio lori likakuja, na kitambaa kikubwa ubavuni kimeandikwa MSAADA WA UKAME, na likazama kwa matope pale kwenye kona ya shule mpaka hilo neno UKAME likaingia ndani. Tulilisukuma sisi. Wenye njaa wakisukuma chakula chao, na dereva akitupigia kelele, "Wamama, tieni nguvu!" Nikamwambia, "Nguvu ziko ndani ya hayo magunia, teremsha moja kwanza."

Lakini lilifika. Tumegawana bila vita. Mvua hailiwi, na tuliyopanda juzi yatangoja miezi kabla tuyaone, kwa hivyo hayo mahindi ndiyo yatatufikisha. Mjukuu wa Shiko jana alikula akalala hapo hapo na mkono kwa sahani.

Yule Amida, tukiwa kwa ghala, hakusema kitu. Aliingiza mkono chini kabisa ya pipa, akautoa, akaangalia vumbi kwa vidole. Halafu akauliza kijana wa kuandika ni nani. Nikasema simjui. Akasema, "Ana bahati kuwa na watu wasiomjua." Nimekuwa nikiliwaza hilo neno.

Sasa sikiliza. Uliniandikia kazi iko. Salim ameniambia alikupelekea barua ya kikundi ofisini, askari wa getini akamwambia hakuna mtu wa jina hilo. Akakutafuta kwa nyumba, akaambiwa umehamia chumba cha nyuma, kile cha karibu na mbwa. Anasema ulimwambia uko likizo. Likizo gani ya mtu kuvaa tai ndani ya nyumba?

Mimi niliulizwa mbele ya wakubwa, mbele ya Shiko, mbele ya kanisa la Mungu, na nikajibu. Na ni wewe uliniuliza. Kwa hivyo nami nakuuliza, na hapa hakuna mtu mwingine, hata miwani nimemrudishia mwenyewe, naandika kwa kubahatisha.

Baba, leo umekula nini?

Wangeci


Ruiru,
31 Machi 2026

Tata,

Sijakula.

Nakuja Jumamosi.

Lenny